Lori la Tunduma likaguliwe likiwa na mzigo, siku moja kabla ya kuondoka

Wateja wetu wengi ni wamiliki wa lori moja au mawili yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na kutoka hapo kuvuka mpaka kuelekea Zambia na Kongo. Mara nyingi hutuletea gari likiwa tupu siku nyingi kabla ya kupakia, au hulileta asubuhi ileile ya safari, wakati wakala wa mizigo ameshaanza kumpigia dereva simu. Nyakati hizo zote mbili hazifai. Gari tupu huficha udhaifu wa springi, matairi na breki, na gari lenye haraka humlazimisha fundi kuchagua kitu cha kutokukagua.

Ukaguzi wetu huanzia kwenye breki, na huko ndiko tunakotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Tunaweka vigingi kwenye magurudumu, tunajaza mitungi ya upepo unaoendesha breki, tunazima injini na kuachia breki ya kuegeshea, kisha dereva anakanyaga pedali na kuishikilia kwa dakika nzima huku fundi akitazama geji. Kwa kichwa na tela, upepo ukishuka zaidi ya bar 0.3 katika dakika hiyo, kuna mahali panapovuja, na hatuendelei na kazi nyingine mpaka papatikane. Baadhi ya madereva, wakikuta mpira wa breki ya gurudumu moja unavuja njiani, huukunja na kuufunga kwa waya ili upepo usipotee. Safari huendelea, lakini gurudumu hilo halina breki tena na kazi yake imehamia kwa mengine. Tukikuta waya wa namna hiyo tunaukata mbele ya mwenye gari, kwa sababu tunataka auone.

Baada ya hapo fundi huingia chini ya gari na kupima, gurudumu kwa gurudumu, urefu wa mwendo wa fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki, yaani kopo ambamo upepo huisukuma fimbo hiyo, pedali inapokanyagwa. Kipimo hiki ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Ngoma ya breki ikipata joto hutanuka, na laini, yaani vipande vinavyoisugua ngoma, zinalazimika kusogea zaidi ili ziifikie. Kwa hiyo breki iliyolegea kidogo hujibu vizuri uwanjani ikiwa baridi, kisha huisha katikati ya mteremko. Anayekwenda Tunduma hukutana na jambo hilo Iwambi, barabara inaposhuka kuelekea Mbalizi, na anayerudi na shaba hukutana nalo Kitonga. Gia ndogo na breki ya injini humsaidia sana dereva katika miteremko hiyo, ila haziwezi kuchukua nafasi ya breki ambayo haikurekebishwa.

Mitungi ya upepo nayo tunaitoa maji kupitia vali za chini. Maji machache ni ya kawaida, lakini yakitoka meupe na yenye mafuta, kompresa inapitisha oili, na ni heri mmiliki alijue hilo akiwa bado mjini.

Matairi hatuyagongi kwa nyundo, kwani nyundo hutambua tairi lililokwisha upepo kabisa, haitambui lililopungukiwa. Tunapima kila moja kwa geji, hasa la ndani katika yale yanayokaa mawili mawili, maana likilegea mwenzake hubeba mzigo wa wote wawili na kuchemka. Kwenye nati tunatafuta michirizi ya kutu, ambayo ni dalili kwamba nati imelegea. Gurudumu lililofunguliwa hapa tunamwomba dereva alikaze tena kabla ya kupita Chalinze. Taa, indiketa, wiper, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto havituchukui muda.

Tunaangalia pia jinsi mzigo ulivyopangwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye mzigo, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake, hivyo gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likazuiliwa mizani ya Vigwaza kwa sababu uzito umeegemea upande mmoja.

Kazi yote kwa kichwa na tela lake huchukua saa mbili hadi tatu, bila kuhesabu matengenezo. Tunaomba gari lifike kabla ya saa nane mchana, likiwa limepakiwa, na dereva atakayesafiri nalo awepo mwenyewe pamoja na utingo wake, kwa kuwa mengi tunayoyaona tunapenda wayashike kwa mikono yao. Mmiliki hupewa fomu yenye vipimo vya kila gurudumu. Gari ambalo breki zake hazijafikia kipimo hatulisainii, hata kama mteja ameshalipa, na fedha ya ukaguzi anaporudi baada ya matengenezo hatumdai mara ya pili.