Mama Neema, kabla hujampandisha tena Jemedari

Duluth, Minnesota

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi sana, na mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima, Baraka kapona kifua, baba yake bado yuko zamu za usiku. Mambo ya Shukuru nimeyapata kwa Sista Agnes, nimecheka mpaka mbavu zikauma. Hayo tutayamaliza kwa simu. Kimya kimekuwa kirefu tangu msiba wa Mzee Kobelo, lakini leo sikuweza kuacha kuandika.

Barua yako yote ni sifa za beberu wako Jemedari. Mabinti zake wanavyojaza ndoo, jinsi ulivyokataa kikundi chenu cha wafugaji kilipotaka mbadilishane mabeberu, na kwamba mabinti hao wakiingia joto utawapandisha kwa yeye huyo huyo baba yao. Sawa. Halafu kule chini, kwa mstari mmoja, unataja kwamba watoto wawili wa Tausi wamezaliwa na taya la chini limepinda. Mama Neema! Tausi si dada yake Jemedari kwa baba? Mstari ule umeninyima usingizi.

Ngoja nikusimulie ya huku. Katika Ziwa Superior, ziwa hili ninaloliona nikitoka kazini, kuna kisiwa kinaitwa Isle Royale, kirefu kama kilomita 72. Wapo mbwa mwitu, wale wakubwa wa kijivu wa nchi za baridi, si hawa wenu wa mabaka wa Mikumi. Wanawinda mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha kumpita ng'ombe. Mababu zao walivuka kwa miguu juu ya barafu mwishoni mwa miaka ya 1940, wachache tu, na tangu 1958 wataalamu wanawahesabu karibu kila majira ya baridi kwa ndege. Hakuna mbwa mwitu waliofuatiliwa kwa muda mrefu hivyo, ndiyo maana habari yao inajulikana karibu mnyama kwa mnyama.

Mwaka 1980 walikuwa 50. Ikaingia parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaaminika ililetwa na mbwa wa kufugwa, na kufikia 1982 wakabaki 14. Tangu hapo hawakuinuka sawasawa, ingawa chakula kilikuwepo. Wote walikuwa ndugu.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo alipo Jemedari wako. Mwaka 1997 dume mmoja akavuka barafu kutoka Kanada. Kwenye daftari zao ni M93, watu wakamwita Mzee wa Kijivu. Mkubwa kuliko wenyeji, mkali wa mipaka, na damu yake ngeni kabisa. Akazaa watoto zaidi ya 30. Kila mtu akafurahi, na kwa haki, maana ndiye aliyewatoa kwenye shimo. Lakini kwa kuwa watoto wake waliwashinda wengine wote, kila aliyezaliwa baadaye akawa mzao wake. Jike lake lilipokufa, akapandana na binti yake mwenyewe. Haikupita hata miaka kumi na mitano, zaidi ya nusu ya vinasaba vyote vya mbwa mwitu wa kisiwa, yaani vile vinavyorithishwa toka kwa wazazi, vilikuwa vyake yeye mmoja. Kwa hiyo walirudi kuoana ndugu kwa ndugu haraka kwa sababu dume alikuwa bora mno. Dume dhaifu asingeweza kuwafikisha pale.

Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi, maana hoja yako kwangu ni kwamba Jemedari ni bora. Ninakubali. Ubora wake ndio unaonitisha.

Wale mbwa mwitu walipokufa na mifupa yao kuchunguzwa, zaidi ya nusu walikuwa na kasoro za kuzaliwa kwenye uti wa mgongo, kitu ambacho kwa mbwa mwitu wa bara ni nadra. Mwaka 2016 walibaki wawili kisiwani. Baba na binti, na juu ya hilo wamechangia mama mmoja. Mtoto wao alionekana 2015 akiwa na mkia na mgongo usio wa kawaida, mwaka uliofuata hakuonekana tena.

Jinsi inavyotokea si uchawi. Kila mnyama ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba, moja ya mama. Nakala mbovu ikiwa moja, nzuri inaifunika, mnyama anakaa mzima na kusifiwa. Jemedari anazo za kwake zilizojificha, kama wewe na mimi. Mpandishe kwa binti yake, na mbovu mbili zinaweza kukutana kwenye tumbo moja. Taya la wale watoto naliogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Tena porini kuna jambo ambalo zizini kwako halipo. Huko Sweden na Norway mbwa mwitu wa sasa walianza na jozi moja iliyozaa 1983, wakadumaa miaka hadi alipofika dume mgeni karibu na 1991, ndipo wakaongezeka. Wataalamu waligundua kwamba kati ya wale waliozaliwa kwa undugu, waliofanikiwa kupata eneo na kuzaa ni zaidi wale waliobahatika kubaki na vinasaba mchanganyiko. Maumbile yanachagua, kwa ukali. Wewe kitoto dhaifu unakinyonyesha kwa chupa usiku, kinapona, kesho kinapandwa. Usiache kukinyonyesha, nakujua, huwezi. Ila kisizae.

Isle Royale barafu imekuwa haba kwa joto la miaka hii, mgeni havuki kirahisi. Walibishana miaka kama waingilie au waache, na mwishowe, 2018 na 2019, wakapeleka mbwa mwitu 19 kutoka nje. Sasa wamezaana, idadi imepanda. Huko zilihitajika ndege na mashua. Kwako ni beberu wa Mzee Kunambi na kamba ya kuongozea.

Sikwambii umchinje! Mpeleke kikundi cha mbali ambako hana hata binti mmoja, apandishe huko, akurudishie sifa. Uchukue beberu asiye na udugu na wako hata kwa babu. Na andika daftari: nani kamzaa nani, tarehe gani.

Mabinti wanaingia joto lini hasa? Kuna aliyekwisha pandwa? Tausi anatoa maziwa kama kawaida? Wale watoto wananyonya vizuri, au chakula kinamwagika? Bwana mifugo amewaona? Na yule beberu wa Mzee Kunambi, baba yake alitoka wapi, isije ikawa naye ni wa ukoo wa Jemedari? Neema amechaguliwa shule gani? Nijibu la beberu kwanza, hata kwa ujumbe mfupi.

Wako,
Mama Baraka