Harambee ya filimbi, nyavu na daftari: tuwashike mkono wanaoendesha mpira wa Tanga

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za huko mliko. Naandika kwa niaba ya kamati ya mpira ya mtaa wetu hapa Makorora na nawaandikia wagosi wote wa Tanga, mlioko Ngamiani na Chumbageni, mlioko Dar, mlioko Mombasa kwa ndugu zetu, mlioko Maskati na huko Ulaya mnaoamka usiku kuuliza timu yetu ya Coastal Union kafanya nini leo. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana hili jambo nimelibeba moyoni tangu mwaka jana.

Tunatafuta shilingi 4,000,000 za vifaa vya uwanja wetu, mafunzo ya marefa, safari ya timu yetu ligi ya mkoa na kutunza madaftari ya zamani ya mpira. Mpaka jana jioni tumeshapata 1,130,000 hapa hapa mtaani, kuna mama kaleta elfu mbili zimefungwa kwenye ncha ya kanga na kuna watoto wa madrasa wamechanga mia mia mpaka ikafika elfu kumi na moja. Imebaki 2,870,000 na ligi ya mkoa inakaribia kufunguliwa.

Sasa hela ya nini. Wengi wetu ukitutajia chama cha mpira cha mkoa au cha wilaya kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni uchaguzi na malumbano, nani kakatwa jina, nani kakata rufaa. Sikatai hayo yapo. Lakini mimi nimekaa nao hawa watu karibu misimu sita nikiwa katibu wa timu yetu na ninachokijua ni kingine kabisa, ni mtu mzima anatoka kazini kwake saa kumi, anapanga ratiba ya timu zaidi ya kumi juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwake, anatafuta refa, anatafuta washika vibendera wawili, anatafuta kamisaa wa mchezo, anapiga simu kwa vocha yake mwenyewe, na siku ya mechi anafika uwanjani mapema kuangalia kama mistari imechorwa, ikiwa haijachorwa anachora yeye. Halipwi mshahara. Hamna geti la kukusanya viingilio kwenye ligi ya wilaya, uwanja hauna hata ukuta, watu wanasimama pembeni wanaangalia bure na ndivyo inavyotakiwa iwe maana ni mpira wa mtaani kwetu.

Kuna mzee wetu mmoja hapa mtaani, jina lake siliandiki kwa sababu hapendi kutajwa, alikuwa kwenye chama cha wilaya miaka ya themanini. Mwezi uliopita alituita kwake akafungua sanduku la bati, ndani kuna madaftari yale ya kaunta buku, mengine yameshaliwa na mchwa pembeni, na humo kaandika kwa mkono wake kila mechi ya ligi, timu, matokeo, nani kafunga, nani kapewa kadi, timu ipi imetozwa faini kwa kuchelewa. Nilikaa pale sakafuni tangu alasiri mpaka magharibi nasoma. Ukurasa mmoja kaandika mechi imevunjika dakika ya 60 mvua kubwa na mpira ulikuwa mmoja tu ukapasuka. Ukurasa mwingine kuna majina ya vijana wa kombaini ya wilaya, yaani waliochaguliwa kutoka timu mbalimbali, na wawili katika hao watu wazima wa Tanga wote mnawajua, walikuja kucheza uwanja mkubwa wa Mkwakwani mbele ya maelfu. Mzee ananiambia, "huyu alipoanza alikuwa anacheza peku, mimi ndo niliandika jina lake mara ya kwanza." Yaani kabla gazeti halijamwandika na kabla redio haijamtaja, jina lake lilianzia kwenye daftari la chama.

Hapo ndo nikaelewa nimekuwa naangalia mpira kwa kuanzia juu. Sisi wote tunajua kwamba 1988 Coastal Union walichukua ubingwa wa Tanzania Bara, hiyo hata mtoto wa darasa la tatu hapa Tanga atakwambia. Tunajua African Sports ni ya 1936 na Coastal ni ya 1948. Lakini hizo timu zilipata wapi wachezaji, walikuwa wanacheza na nani kabla, nani alikuwa anawapangia mechi na kuwaamulia ugomvi wao? Chama cha mpira cha nchi kilianza 1930 enzi za Tanganyika, na mashindano makubwa ya ukanda huu wakati huo lilikuwa Kombe la Gossage lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda (Gossage walikuwa watengeneza sabuni), Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949. Huwezi kupata timu ya Tanganyika nzima bila huku chini kuwa na watu wa bandarini, wa reli, wa mashamba ya mkonge na wa mashuleni wanaocheza wenyewe kwa wenyewe chini ya kamati fulani. Baada ya uhuru tukaingia FIFA 1964, ligi ya taifa ikaanza 1965 na Sunderland, ndo Simba ya leo, wakaibeba. Mikoa ikawa na timu zake za kombaini zinakutana kwenye Taifa Cup, na wazee wetu wanasema ilikuwa moto kweli kweli kwa sababu hapo hamna Usimba wala Uyanga, hapo ni Tanga na Morogoro, Tanga na Mwanza, mkoa na mkoa. 2004 chama cha nchi, FAT, kikawa shirikisho, TFF, na mambo mengi yakabadilika, ila ngazi imebaki ile ile, wilaya, mkoa, taifa.

Nawaeleza ngazi yenyewe kwa wale ambao hamjawahi kuipanda. Timu ya mtaa ikitaka kuwa timu kweli lazima isajiliwe, ijiunge na chama cha wilaya, icheze ligi ya wilaya. Wa juu kule wanapanda ligi ya mkoa inayosimamiwa na chama cha mkoa, na bingwa wa mkoa ndo anakwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, Bara sa hivi ina mikoa 26, na akifanya vizuri huko ndo anaanza kuzinusa ligi za taifa, halafu Championship, halafu Ligi Kuu. Hakuna njia ya kuruka. Ukitaka kununua daraja la timu nyingine hilo ni jambo lingine na mimi silipendi, timu inahama mji na jina na watu wake wanabaki na uwanja mtupu.

Na chama hakifanyi ligi tu. Ndicho kinachoandaa kozi za marefa pamoja na watu wa FRAT, yaani chama cha marefa, kozi za makocha, kinasikiliza rufaa, kinasimamia soka la wanawake ambalo huku wilayani limeanza kuchangamka, na kwenye mkutano mkuu wa TFF wajumbe wa mikoa nao wanakaa na kupiga kura. Kwahiyo mtu anayelalamika Dar kwamba mpira wetu hauendi ajue kwamba sauti yake ilitakiwa ianzie wilayani kwake.

Mnakumbuka msimu wa 2015/16 tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, mkoa mmoja timu tatu, na zote tatu zikashuka msimu mmoja. Mimi nilikuwepo Mkwakwani na sitaki kurudia jinsi watu walivyotoka uwanjani kimya. Coastal wakarudi, 2022 wakafika fainali ya kombe la FA pale Arusha wakatoka 3-3 na Yanga wakakosa kwa penati, 2024 wakamaliza nafasi ya nne wakaenda kucheza Afrika. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal 2020 akaenda Yanga akawa nahodha. Kocha Juma Mgunda alikuwa hapa hapa kabla Simba hawajamchukua 2022. Tunajivunia na ni haki yetu. Ila ukiuliza tangu 2016 sisi wananchi tumeweka nini kwenye ligi ya wilaya, kusema kweli hatujaweka kitu.

Na sasa la mwaka jana. Tulikuwa tunacheza mechi ya ligi ya wilaya, kijana wetu mmoja wa miaka kumi na tisa akagongana na kipa mguu ukavunjika, tulisikia wote ulivyolia. Uwanjani hamna machela, hamna bandeji, hamna hata kipande cha barafu. Refa alivua fulana yake ya juu akamfunga, akina mama wakatoa kanga mbili tukazifunga kwenye milingoti ya vibendera vya kona tukambeba hivyo mpaka barabarani, tukasubiri gari kwa muda ambao sitausahau. Kijana amepona alhamdulillah, anatembea na ameanza kukimbia taratibu. Lakini mama yake aliniuliza swali moja tu, "mlikuwa mnacheza mpira bila dawa?" na sikuwa na jibu la kumpa.

Kwahiyo tumekaa kamati, tukawaita na viongozi wa chama cha wilaya, tukaulizana nini kinahitajika kweli na sio nini kitapendeza kwenye picha. Sanduku la huduma ya kwanza na machela ya kukunja ni 260,000 na hiki ndo tunanunua kwanza, kitakaa uwanjani na kitatumika na timu zote, hata wapinzani wetu. Halafu marefa. Ligi yetu ina upungufu mkubwa wa marefa, refa mmoja anachezesha mechi mbili siku moja na ya pili anaichezesha akiwa hoi, kisha watu wanamtukana. Tunataka kuwapeleka vijana wanane kwenye mafunzo, watatu ni wasichana, kila mmoja 120,000 kwa ada, chakula, filimbi na sare, jumla 960,000. Wasichana hao wamenigusa sana, mmoja anasema anataka awe kama Jonesia Rukyaa wa Kagera, mwamuzi aliyepata beji ya FIFA na ameshachezesha Simba na Yanga, na alianza na filimbi mkoani kwake kama hawa watakavyoanza.

Milingoti ya goli la upande wa mashariki imeoza kwa chumvi ya bahari, fundi wa kuchomelea kasema 350,000 na rangi ndani yake. Nyavu jozi mbili 180,000. Mipira kumi 550,000, tusije tukaandika tena mechi imevunjika kwa mpira kupasuka. Timu yetu imevuka kwenda ligi ya mkoa na kituo chetu tumeambiwa ni Korogwe, unapita Muheza, Segera, ndo unakata kwenda huko, kosta kwenda na kurudi, pa kulala na chakula cha siku kumi na mbili kwa watu ishirini na sita vimekadiriwa 1,400,000, hapo tumebana mpaka basi, vijana watalala darasani kwenye magodoro yao na akina mama wawili wa mtaa wamejitolea kwenda kupika. Na ya mwisho ni 300,000 ya kabati la chuma na kupiga picha kurasa zote za madaftari ya mzee kabla mchwa hawajamaliza, nakala moja tutaipa chama cha mkoa, moja ibaki shule. Kuna aliyeniambia hiyo ya madaftari tuitoe. Nimekataa. Humo kuna baba zenu na babu zenu, nimemkuta hata marehemu mjomba wangu, kapewa kadi ya njano kwa "kubishana na mwamuzi".

Namba za kuchangia anazo mweka hazina wetu na zimebandikwa ukutani pale kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mlioko mbali muulizeni ndugu yenu aliyeko Makorora awatumie, msitume kwa mtu msiyemjua hata akisema ni wa kamati. Anayetaka kutoa kitu badala ya hela atoe, mipira, bandeji, mchele, magodoro, nguo za marefa hata kama zimetumika. Ukisema hela yangu iende kwenye machela tu, itaenda huko na utaona risiti. Kila Ijumaa tunabandika ukutani kilichoingia na kilichotoka, na mtu yeyote wa mtaa anaruhusiwa kuomba kuona kitabu.

Viwango hatujapanga. Mwenye elfu moja karibu, mwenye laki karibu, aliyeko Maskati anayeweza kubeba usafiri wote wa Korogwe peke yake Mungu amzidishie, na asiye na kitu lakini ana mikono aje tuchote mchanga wa kujazia mashimo ya eneo la penati, maana hilo bajeti yake ni jembe na maji ya kunywa tu.

Kikao cha kuhesabu kinachofuata ni Jumapili baada ya swala ya alasiri kwenye baraza ya nyumba ya mzee wa madaftari. Njooni na mabenchi, yake hayatoshi, na kama nyumbani una picha ya zamani ya timu yoyote ya Tanga ibebe, mzee anataka kuwatambua waliomo akiwa bado anawakumbuka.