Dirisha Moja, Miaka 14

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kamera yako imechakaa, na hapo unapokaa hapana cha kupiga. La kamera nitazungumza na baba yako. Hilo la pili ndilo lililonikalisha kuandika.

Alikuwapo Mcheki mmoja, Josef Sudek, mzaliwa wa Kolín, 1896. Alisomea ufundi wa kujalidi vitabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikampeleka Italia kupigana, akajeruhiwa, mkono wa kulia ukakatwa. Ufundi ukaishia hapo. Akapata malipo ya ulemavu, akashika kamera.

Kati ya 1924 na 1928 alipiga picha kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, Prague, lililoanza kujengwa 1344 na bado mafundi walikuwa ndani. Badala ya kushangaa minara, akapiga toroli, mbao na vifusi, jua likipenya kwenye vumbi. Zikatoka picha 15.

Mwaka 1940 aliona picha kuukuu ya sanamu ya Chartres, Ufaransa, iliyochapishwa kwa kulaza negativu, yaani filamu iliyokwisha kupigwa picha, juu ya karatasi, bila kukuzwa. Naye akaacha kukuza. Ukitaka picha kubwa kwa njia hiyo, sharti negativu yenyewe iwe kubwa, na kamera pia. Hebu fikiria kuyabeba hayo kwa mkono mmoja!

Wakati huo Prague ilikuwa chini ya Wajerumani, na kuzurura mitaani na kamera kulitia shaka. Akaigeuzia dirisha la studio yake. Kioo chenye mvuke, chenye barafu, chenye matone. Nyuma yake mti uliopinda. Siku nyingine bilauri ya maji ukingoni. Aliendelea hivyo hadi 1954, vita vilikwisha zamani. Zipo ambazo mti ni doa tu, unadhani mtu kaupitisha kidole kwenye mvuke. Hizo mimi huzitazama hadi chai ikapoa.

Baadaye alitoa kitabu cha Prague chenye picha ndefu za mlalo 284, mwaka 1959. Wengi hukisifia. Mimi bado niko dirishani.

Akafariki 1976.

Sasa niambie, dirisha la chumba chako linatazama wapi? Tangu uhamie hujaniambia.

Mama yako