Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, na wadogo zetu mnaobaki: itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja Chanika, huku pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Shule yetu ni ya Serikali, ya kutwa, ya wavulana na wasichana, kidato cha kwanza hadi cha nne. Ada hatulipi, ilifutwa 2016. Tunacholipa ni nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, na makonda huitambua sare kabla hujafika mlangoni.

Wahitimu wote walio mbele yako wamesoma masomo saba ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Kidato cha tatu waliochagua sayansi wakaongeza Fizikia na Kemia, na waliochagua biashara wakaongeza Biashara na Uwekaji Hesabu. Wadogo zetu wa vidato vya chini wameingia mtaala mpya, wenye Historia ya Tanzania na Maadili, na Biashara kwa kila mwanafunzi. Kwa hiyo walimu walewale wanaandaa mitaala miwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.

Mheshimiwa, risala nyingi huomba kila kitu. Yetu itakaa maabara, na tunaomba uvumilie hesabu zake.

Daraja la mtihani wa Taifa hupangwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 18 hadi 21 ni daraja la pili; 22 hadi 25 la tatu. Mwenye pointi 24 akipandisha Fizikia, Kemia na Baiolojia kutoka D hadi C, anabaki na 21: amehama daraja, na jina lake linaweza kufikiriwa kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. D huanzia alama 30, C huanzia 45. Sasa tazama Kemia: karatasi ya nadharia ina alama 100, ya vitendo ina 50. Theluthi ya mtihani iko juu ya meza ya maabara, na hapo ndipo tunapovuja.

Jengo tunalo, tangu lile agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Meza za zege zipo, masinki yapo. Vyombo ndivyo havitoshi. Chukua titresheni, yaani kudondosha tindikali kwenye besi ili kupima kiasi kinachotosheana, ya darasa la wanafunzi 40. Kila mmoja anahitaji bureti (neli ndefu ya kioo yenye koki na vipimo) ya sentimita za ujazo 50, pipeti (neli ya kunyonyea ujazo kamili) ya 25, flaski na stendi yenye kibanio. Atafanya jaribio moja la kukadiria na matatu ya kupima, kwa hiyo sentimita za ujazo 150 za kila myeyusho zinamtosha pamoja na kusuuza. Darasa zima ni lita 6. Lita 6 za sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita zinataka gramu 24 tu. Za tindikali ya haidrokloriki zinataka takriban sentimita za ujazo 52 za tindikali kali ya chupani. Kemikali, basi, si mzigo. Mzigo ni vioo.

Watano wakigawana bureti moja, mmoja hufungua koki, mmoja huandika, watatu hutazama. Hao watatu hawajifunzi kushusha jicho hadi usawa wa kimiminika. Hawajui kwamba povu likiachwa chini ya koki, litatoka katikati ya kazi na kuonyesha ujazo mkubwa kuliko uliotumika. MO (methyl orange, kiashiria cha rangi) ikigeuka kutoka njano kuwa nyekundu kabisa, hudhani wamepatia, kumbe wamepitiliza. Walipaswa kusimama kwenye rangi ya chungwa.

Maji nayo yanatudanganya. Kisima chetu kina chumvi. Ukiyatumia kuyeyushia sampuli kisha ukadondosha nitrati ya fedha, mashapo meupe hutokea hata kama sampuli haina kloridi, na mwanafunzi huandika jibu lisilo sahihi kwa uaminifu kabisa. Majiko ya mafuta ya taa yanapaka masizi kwenye neli za majaribio, hivyo katika kipimo cha Benedict, cha kutambua sukari, rangi ya matofali haionekani hadi neli ifutwe. Na sodiamu haidroksaidi isipofungwa barabara hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, hata gramu 24 za mizani zisiwe gramu 24 za kweli.

Ombi letu ni bureti 40, pipeti 40 pamoja na vinyonyeo vyake vya mpira (kunyonya kwa mdomo kukome), flaski 40 za sentimita za ujazo 250, stendi 40, na majiko mawili ya gesi. La pili ni tangi la lita 5,000 na mifereji ya paa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, hukusanya lita 5,000 kabla ya upotevu. Mvua ya kwanza ya vuli tutaiacha ioshe bati, kisha maji yatapimwa kwa nitrati ya fedha kabla ya kuingia maabara.

Tukiletewa kompyuta tutapokea kwa shukrani. Lakini ukituuliza kipi kitangulie, tutajibu bureti.

Vifaa hivyo havitatufaa sisi, kwani mtihani wetu ni Novemba. Vitawafaa wa kidato cha tatu, na mwalimu wa maabara ana daftari la kuvipokea na kabati lenye kufuli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Kidato cha Nne