Mbwa wa Pomerania asinyolewe kwa sababu ya joto

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofuga mbwa wa Pomerania, wale wadogo wenye manyoya mengi, hasa sisi wa mwambao. Joto la Desemba na Januari likianza, mbwa hawa hupelekwa kunyolewa kwa mashine hadi ngozi ionekane, wenyewe wakiamini wanawapunguzia adha. Wanawaharibu.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hupoa kwa kuhema, ulimi nje. Kumnyoa hakumfanyi atoe jasho, ila kunaiacha ngozi yake ipigwe na jua. Isitoshe, asili ya mbwa huyu wa Pomerania ni kando ya bahari ya Baltiki, eneo ambalo leo liko Poland na Ujerumani, na manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya ndani mafupi na laini kama pamba, ya nje marefu, magumu kidogo, yaliyonyooka. Ukinyoa yote, ya nje huchelewa kuota, pengine miezi 6 hadi 12 au zaidi, na mbwa wengine hubaki na mabaka yasiyofunika tena. Kinachomtesa kwa joto ni manyoya ya ndani yaliyokufa yakasokotana, hewa isipite. Dawa yake ni chanuo.

Mchane mara mbili au tatu kwa wiki. Nyunyiza maji kidogo, tenganisha manyoya kwa mkono mpaka uone ngozi, kisha chana kutoka kwenye shina kwenda nje, fungu kwa fungu. Usipitishe brashi juu juu tu, kwani mafundo hujificha nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja. Yafungue kabla ya kumwogesha, maana yakilowa hukaza. Kumwogesha kila baada ya wiki 3 au 4 kunatosha, ila akaushwe mpaka kwenye ngozi. Unyevu wetu wa pwani ukibaki humo, huzaa vidonda na harufu. Mkasi uishie kwenye nyayo na chini ya mkia. Na mtoto wa miezi 4 hadi 6 akipukutika akaonekana kama kachakaa, msishtuke: anabadilisha manyoya ya utotoni.

Mtembezeni alfajiri au jioni. Akihema kwa nguvu, akitoka udenda mzito na kuyumba, mpelekeni kivulini, mlowesheni maji ya kawaida, mpepeeni, kisha haraka kwa daktari wa mifugo.

Ni mbwa mchangamfu, mlinzi wa mlango, mwenye kelele, na huwavaa mbwa wakubwa bila woga, kwa hiyo asiachwe huru barabarani. Uzito wake ni kilo 1.4 hadi 3.2 tu. Akiruka kutoka kwenye kochi au kuponyoka mikononi mwa mtoto, mguu wa mbele huvunjika kwa urahisi. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, kwa kuwa bomba lake la hewa ni dhaifu. Kikohozi kikavu kinacholia kama bata bukini ni dalili ya udhaifu huo.

Vitoto vidogo vilishwe mara nne kwa siku. Vikikaa na njaa, sukari hushuka, vinalegea na kutetemeka. Pakeni asali kwenye ufizi na muwahi kwa daktari. Anayeuza kitoto chini ya wiki 8 anauza matatizo.

La mwisho ni kupe. Wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, kemikali ya kuua kupe, wakakisia kipimo kwa kifuniko cha chupa na kumwogesha mbwa wa kilo 2. Mbwa wadogo namna hii hudhurika upesi: husinzia, mapigo ya moyo hushuka, mwili hupoa, na wengine hufa. Mpimeni uzito kwanza, kisha daktari wa mifugo awape dawa ya kupe inayolingana na uzito huo.

Mfugaji wa mbwa,
Tanga