Barua kwa wifi yangu: dawa, ndevu na hiyo sauti

Wifi yangu,

Jina lako nimelificha, ila barua nimeiacha wazi maana mko wengi mnaomeza dawa ya danazoli na kunyolea ndevu chooni.

Kwenye kicheni pati ya Sinza ulikaa nyuma kabisa, mtandio umeupandisha hadi mdomoni, na joto lile. Wenzio wakasema unaringa. Mimi nilikuwa karibu, nikaona vipele vya wembe kidevuni.

Hujarogwa, hata shangazi aseme nini. Danazoli unayotumia kwa endometriosisi, yaani zile nyama za ndani ya kizazi kuota nje yake, ina tabia za homoni za kiume. Inashusha estrojeni, homoni ya kike, ili nyama zinywee, ndiyo maana hata hedhi imekata. Tena inapunguza protini inayoshikilia testosteroni, homoni ya kiume, kwenye damu, basi ile kidogo ambayo kila mwanamke anayo inabaki huru. Vinyweleo laini vya kidevu vikiipata vinageuka nywele nene, nyeusi. Na chunusi zako zimetoka humo humo.

Ndevu hazikunitisha. Kilichonishtua ni simu ya Jumapili: ulivyopokea nikadhani ni kaka. Nywele, dawa ikiachwa, hupungua polepole kwa miezi, ingawa nyingine hubaki. Sauti ikishakuwa nzito inaweza isirudi kabisa. Kwa hiyo tarehe ya kliniki usiisubiri. Mwambie daktari sauti inakwaruza, na kidevu usikinyoe siku mbili tatu ili akione. Kukata dawa au kubadilisha aamue yeye. Kwa kawaida danazoli ni ya miezi 3 hadi 6, mara nyingine 9, na zipo nyingine za kutibu tatizo lako.

Halafu hedhi kukata isikudanganye. Mimba inaweza kuingia, na danazoli humharibu mtoto wa kike tumboni, sehemu zake za siri zikaumbika kama za kiume. Tumieni kondomu, si vidonge vya uzazi wa mpango. Kaka akileta ubishi, niachie mimi.

Wembe hauongezi ndevu, wifi. Ile ncha iliyokatwa butu ndiyo inayochoma mkono, ukadhani zimenenepa. Nyoa baada ya kuoga, ufuate nywele zinakolalia, usirudierudie. Ila kile kikopo cha Kariakoo ulichonunua kufuta weusi wa kidevu, kitupe leo. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa za kutibu ngozi, tena kali kama klobetasoli, na hizo zikipakwa usoni muda mrefu nazo huotesha nywele! Unalipa hela kuongeza unachokikimbia.

Leza nayo subiri, maana kuichoma nywele huku dawa inaotesha nyingine ni kumwaga pesa. Siku ukienda, uliza kama mashine ni Nd:YAG, aina ya leza yenye mwanga wa nanomita 1064. Ngozi nyeusi kama zetu huungua na kubaki na madoa kwa mashine isiyozifaa.

Jumanne sifungui duka. Nakupitia na bajaji saa moja asubuhi, twende wote hospitali. Beba na boksi la dawa, wasije wakatuuliza miligramu ngapi tukaanza kutazamana.

Wifi yako