Pampu haizibi tundu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu wenye mashua za safari, hasa zile zenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Wengi nikiwauliza watafanya nini maji yakiingia chomboni, hunijibu kwamba wana pampu ya umeme. Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mashua ya namna hiyo ina matundu kadhaa yaliyotobolewa kwa makusudi chini ya usawa wa maji: la kupoza injini, la choo, la kumwagia maji ya sinki. Kila tundu lina vali, na kwenye shingo ya vali umevalishwa mpira wa kupitishia maji. Mpira huo ukichomoka, tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji huweza kuingiza zaidi ya lita 130 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa kwamba hutoa kiasi kama hicho haikifikii ikiwa kazini, kwa sababu kipimo cha kiwandani hakihesabu kimo cha kupandisha maji, wala mikunjo ya bomba, wala betri inayoishiwa nguvu.

Kinachoziba ni vali, na vali isiyoguswa kwa miezi mingi hukwama. Usiku mmoja nilishuka kitandani nikakanyaga maji. Mpira wa sinki ulikuwa umechomoka, kwa kuwa klipu yake ya pekee, yaani ukanda wa chuma wa kuubana kwenye shingo ya vali, ilikatika kwa kutu upande wa chini, ambao jicho haliufikii pasipo kioo na tochi, na mkono wa vali haukusogea hata kidogo. Kilichoniokoa ni kizibo cha mti laini, nguruzi kwa lugha ya mabaharia wa zamani, ambacho aliyenitangulia kukimiliki chombo alikifunga kwa kamba kando ya vali ile. Nilikigongomea, kikalowa, kikavimba, maji yakakatika; kufua maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kulinichukua hadi alfajiri.

Tangu hapo nazungusha vali zote kila mwezi, na kila mpira nimeutia klipu mbili pale ambapo shingo ya vali ni ndefu ya kutosha. Ikiwa fupi, klipu ya pili hukaa ukingoni na kuukata mpira wenyewe. Klipu nazijaribu kwa sumaku kabla ya kununua, maana ziko ambazo ukanda wake haushiki kutu ilhali skrubu yake ni ya chuma duni, na sumaku huinasa mara moja. Jambo la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni vali za shaba ya njano zilizokusudiwa mabomba ya nyumbani. Maji ya chumvi huila zinki iliyomo, ikabaki shaba dhaifu yenye rangi ya waridi, ambayo huweza kuvunjika kwa teke la bahati mbaya. Vali za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ni ghali, lakini hapo sioni pa kubania fedha.

Maji yakishaonekana, wengi hupoteza dakika za kwanza wakitafuta yanakotoka. Nashauri injini izimwe, vali zote zifungwe, ndipo utafutaji uanze. Na anayeonja maji hayo akikuta hayana chumvi huenda akagundua kwamba ni tangi la maji ya kunywa tu ndilo linalovuja.

Nafahamu kwamba baadhi ya manahodha hawapendi kuifunga vali ya injini wanapoondoka chomboni, wakihofia kusahau na kuiwasha injini bila maji ya kuipoza. Hofu hiyo ina msingi. Mimi hutundika ufunguo wa injini kwenye mkono wa vali hiyo, hivyo siwezi kuwasha kabla sijashuka chini kuuchukua.

Wako mtiifu,
Mwenye mashua